n ya Hii ni Ngapi? Hesabu ya Kigawo cha Valensi

Katika shule nyingi za sekondari za huku kwetu kuna karatasi ambayo wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita huirithishana, ikiwa imetolewa kopi juu ya kopi hadi tarakimu zake ndogo zimefifia. Upande wa kushoto yameorodheshwa majina ya kemikali, na upande wa kulia kila kemikali imepewa namba yake: asidi ya haidrokloriki 1, asidi ya salfyuriki 2, kaboneti ya sodiamu 2, pamanganeti ya potasiamu 5, daikrometi ya potasiamu 6, thayosalfeti ya sodiamu 1. Namba hizo ndizo vigawo vya valensi, ambavyo wanafunzi huviandika kwa herufi moja tu, n. Wakishaikariri orodha hiyo huamini kwamba sura nzima ya ukolezi wa myeyusho wameimaliza, na wanapokutana na swali ambalo jibu lake halilingani na karatasi, mwalimu ndiye anayeshukiwa.

Nimefundisha kemia kwa muda wa kutosha kuiheshimu karatasi hiyo, maana hakuna mstari wake ulio wa uongo mtupu. Kila namba iliyomo ni sahihi mahali fulani. Tatizo ni kwamba mahali hapo hapajatajwa, na kwa sababu hiyo n inaonekana kana kwamba ni sifa ya kemikali yenyewe, kama tungamo ya moli au kiwango cha kuyeyuka. Sivyo ilivyo. Kigawo cha valensi ni sifa ya mmenyuko, na kiyeyushwa kimoja kinaweza kuwa na vigawo viwili, vitatu, au zaidi, kutegemea kimekutana na nini, katika hali gani, na aliyepima alisimamia wapi.

Maana yenyewe si ngumu. Chukua moli moja ya kiyeyushwa, kisha uulize ni moli ngapi za kitu kinachobadilishana mikono ambazo moli hiyo imetoa au imepokea katika mmenyuko unaoushughulikia. Kwa asidi na besi, kinachobadilishana mikono ni ioni ya haidrojeni. Kwa oksidesheni na ridaksheni, ni elektroni. Kwa chumvi zinazobadilishana ioni na kuacha mashapo, ni chaji. Idadi hiyo ndiyo n. Ukigawanya tungamo ya moli kwa n unapata tungamo ya ikwivalenti moja, na ukizidisha molariti (idadi ya moli katika lita moja, M) kwa n unapata nomaliti (idadi ya ikwivalenti katika lita moja, N). Faida yake ni kwamba ikwivalenti moja ya kitu chochote humalizana na ikwivalenti moja tu ya mwenzake, ndiyo maana watu wa maabara za zamani waliweza kuandika nomaliti mara ujazo upande huu, nomaliti mara ujazo upande wa pili, wakapata jibu bila hata kusawazisha mlinganyo.

Wanafunzi wangu nawaambia waifikirie daladala. Idadi ya viti imeandikwa ubavuni na haibadiliki, lakini kondakta anapofika kituoni anachotaka kujua ni wangapi wanashuka hapo. Fomula ya asidi inakuonyesha viti. Hiyo n ndiyo idadi ya wanaoshuka kituo hiki.

Asidi ya fosforiki, H₃PO₄, inalionyesha jambo hili vizuri kuliko asidi ya salfyuriki ambayo vitabu vingi huipenda. Ina haidrojeni tatu, na zote tatu zimeshikana na oksijeni, kwa hiyo kwenye karatasi ya kurithishana imeandikiwa 3. Ukiichukua ukaifanyia titresheni (kumimina myeyusho kidogo kidogo kutoka kwenye bureti, mrija wenye vipimo, hadi mmenyuko ukamilike) kwa haidroksaidi ya sodiamu huku ukitumia methili ya chungwa, kiashiria kitabadilika rangi baada ya haidrojeni ya kwanza kuondoka, na hapo n ni 1. Ukitumia thaimolfthalini, inayobadilika rangi kwenye pH iliyo juu zaidi, haidrojeni ya pili nayo itakuwa imeondoka, na n ni 2. Ile ya tatu imeshikwa kwa nguvu kiasi kwamba katika titresheni ya kawaida ndani ya maji hakuna kiashiria kitakachokuonyesha kuondoka kwake kwa usahihi. Kwa maneno mengine, ile 3 iliyokaririwa ndiyo namba ambayo mwanafunzi akiwa na bureti mkononi ana nafasi ndogo zaidi ya kuiona. Tungamo ya moli ya asidi hii ni 98.0, kwa hiyo tungamo ya ikwivalenti yake inaweza kuwa 98.0, au 49.0, au 32.7, na anayekuuliza ni ipi kati ya hizo bila kutaja kiashiria hajamaliza kuuliza. (Kwamba asidi ya salfyuriki nayo ina tungamo ya moli ya 98.1 ni sadfa tu, lakini ni sadfa ambayo imewapotosha wengi, kwa sababu wakiiona 49 kwenye jibu hudhani wanajua imetoka wapi.)

Ndugu zake wawili wanatufundisha kwamba hata kuhesabu viti kunahitaji kuangalia ndani ya gari. Asidi ya fosforasi, H₃PO₃, ina haidrojeni tatu pia, lakini moja imeshikana na fosforasi moja kwa moja wala si na oksijeni, na hiyo haitoki kama ioni. Kikomo cha juu cha n yake ni 2. Katika H₃PO₂ haidrojeni mbili zimeshikana na fosforasi, kwa hiyo kikomo ni 1. Asidi ya boriki, H₃BO₃, inashangaza zaidi, kwa kuwa ina haidrojeni tatu ambazo zote zimeshikana na oksijeni, na bado n yake ni 1. Sababu ni kwamba haitoi haidrojeni yake yenyewe kabisa: inaichukua ioni ya haidroksaidi kutoka kwenye maji na kuwa B(OH)₄⁻, na haidrojeni inayoonekana kwenye titresheni ni ya molekuli ya maji iliyonyang'anywa. Asidi ya siki, CH₃COOH, ina haidrojeni nne na n ni 1. Asidi ya sitriki iliyomo kwenye ndimu ina haidrojeni nane na n ni 3, kwa sababu ni zile tatu za vikundi vya kaboksili tu ndizo zinazotoka. Anayeyajua maumbo ya molekuli hahitaji kuyakariri haya.

Kwa chumvi zinazoyeyuka na kubadilishana ioni, hesabu ni fupi: jumlisha chaji zote chanya katika fomula. Kloraidi ya sodiamu ni 1, salfeti ya shaba ni 2, salfeti ya alumini, Al₂(SO₄)₃, ni 6. Hapa ningepita haraka, isipokuwa chumvi hizo hizo zinapoingia kwenye mmenyuko wa elektroni hesabu ya chaji haina nguvu tena, na hapo ndipo wengi huanguka. Salfeti ya shaba ikipitishiwa umeme hadi shaba ikashika kwenye kathodi, kila ioni ya shaba hupokea elektroni 2, na kulomu 96,485, ambazo ni chaji ya moli moja ya elektroni, huleta gramu 31.8 za shaba, yaani nusu ya tungamo ya moli. Lakini salfeti hiyo hiyo ikichanganywa na ayodaidi ya potasiamu, kama tunavyofanya tunapoipima shaba kwa thayosalfeti, kila ioni ya shaba hupokea elektroni 1 tu na kubaki kama mashapo meupe ya CuI. Chupa moja, n mbili, na zote mbili zinaweza kufanyika katika maabara ile ile siku ile ile.

Thayosalfeti yenyewe ni mfano wa aina hiyo. Kama chumvi, Na₂S₂O₃ ina chaji chanya 2. Ikikutana na ayodini hubadilika kuwa S₄O₆²⁻, ambapo namba ya oksidesheni ya salfa (chaji ambayo atomu huhesabiwa kuwa nayo) kwa wastani hupanda kutoka 2 hadi 2.5, nusu kwa kila atomu, atomu mbili, kwa hiyo n ni 1. Ikikutana na klorini ya kutosha, salfa yote hupanda hadi 6 na kuwa salfeti: nne kwa kila atomu, atomu mbili, n ni 8. Hii ndiyo sababu hatupimi klorini kwa kuimiminia thayosalfeti moja kwa moja. Tunaipitisha kwanza kwenye ayodaidi ili itoe ayodini, halafu ayodini ndiyo tunayoipima, maana kwa ayodini tuna hakika na n, ilhali kwa klorini baadhi ya thayosalfeti ingetoa 1 na nyingine 8, na hesabu isingekuwa na pa kusimama.

Sasa nifike kwa pamanganeti ya potasiamu, ambayo naiona kuwa mwalimu bora wa somo hili kuliko mimi. Manganizi iliyomo ina namba ya oksidesheni ya 7. Kukiwa na asidi ya kutosha hushuka hadi Mn²⁺, na n ni 5. Katika hali isiyo na asidi, au yenye alkali kidogo, hushuka hadi MnO₂ na kusimama hapo, na n ni 3. Kukiwa na alkali kali huweza kusimama kwenye MnO₄²⁻ ya kijani, na n ni 1. Tungamo ya moli ni 158.0, tungamo za ikwivalenti ni 31.6, 52.7 na 158.0. Nimewahi kuona chupa iliyoandikwa "KMnO₄ 0.1 N" na basi, bila neno la ziada. Ukiitumia kwenye asidi maandishi hayo yanamaanisha 0.02 M, kama aliyeiandaa aliikusudia kwa kazi nyingine, huenda ni 0.033 M, na lebo haiwezi kukuambia.

Kinachonivutia ni kwamba n inaweza kubadilika mbele ya macho yako, ndani ya flaski moja, titresheni ikiendelea. Tuseme mwanafunzi amechota kwa pipeti mililita 20 za asidi ya oksaliki ya 0.05 M. Oksaleti hutoa moli 2 za elektroni kwa kila moli, kwa hiyo hiyo ni 0.1 N. Anaongeza asidi ya salfyuriki, anaupasha moto myeyusho hadi unakaribia nyuzi 70, kisha anaanza kumimina pamanganeti ya 0.02 M kutoka kwenye bureti. Matone ya kwanza hubaki na rangi ya zambarau kwa muda, hadi Mn²⁺ inayozaliwa inapoanza kuuharakisha mmenyuko wenyewe. Baada ya hapo kila tone hupotea linapoangukia. Kama kila kitu kiko sawa, pinki nyepesi inayodumu itatokea kwenye mililita 20.0, kwa kuwa 0.02 mara 5 ni 0.1.

Lakini kuna mwanafunzi aliyetia asidi kidogo kwa kuogopa kuimaliza, au aliyefungua bureti kwa pupa. Kwenye flaski yake unatokea ukungu wa kahawia. Ukungu ule ni MnO₂, yaani pamanganeti iliyosimama kwenye kituo cha n = 3 badala ya kufika 5. Kila moli iliyosimama hapo imepokea elektroni pungufu, kwa hiyo itabidi pamanganeti nyingine iongezwe ili oksaleti iishe, na kama yote ingeishia kwenye kahawia, bureti ingesoma 33.3 badala ya 20.0. Kwa kawaida husoma namba fulani kati ya hizo mbili. "Mwalimu, nimepata 23.6, wenzangu wamepata 20," anakuja kulalamika, na kabla hajamaliza naomba nione flaski. Ukungu ule wa kahawia ukiwa bado upo, sihitaji kuona hesabu zake. Hakuna n moja itakayoiokoa titresheni ile, maana ndani yake zimefanya kazi mbili kwa pamoja. Hapo ndipo maagizo ambayo wanafunzi huyaona kama mila za maabara yanapopata maana: kutia asidi kwa wingi ni kuilinda 5. Na kutotumia asidi ya haidrokloriki ni kuzuia kloraidi isije nayo ikatoa elektroni zake na kuongeza hesabu ambayo hukuialika, kama vile asidi ya naitriki inavyokwepwa kwa kuwa yenyewe inapokea elektroni.

Kwa mmenyuko wa elektroni kwa ujumla, kanuni ni badiliko la namba ya oksidesheni mara idadi ya atomu zinazobadilika katika fomula moja. Sehemu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo inayosahaulika. Katika daikrometi, kromiamu hushuka kutoka 6 hadi 3, na wengi huandika 3 wakaondoka, wakati atomu za kromiamu ni mbili na n ni 6. Na kama kitu kimoja kina sehemu mbili zinazotoa elektroni kwa pamoja, zote huhesabiwa: oksaleti ya chuma, FeC₂O₄, ikikutana na pamanganeti hutoa elektroni 1 kutoka kwenye chuma na 2 kutoka kwenye oksaleti, jumla 3.

Kuna kundi moja ambalo huwachanganya hata waliokwisha kuelewa haya yote, nalo ni vitu vinavyojigawa, upande mmoja ukitoa elektroni na mwingine ukipokea. Peroksaidi ya haidrojeni ya dukani hujivunja kuwa maji na oksijeni. Molekuli inayogeuka oksijeni inatoa elektroni 2, inayogeuka maji inapokea elektroni 2, lakini molekuli mbili zimetumika kuzihamisha hizo mbili. Kwa kila moli ya peroksaidi iliyotumika, n ni 1. Peroksaidi hiyo hiyo mbele ya pamanganeti ina n ya 2, kwa sababu hapo yote inatoa na hakuna inayopokea. Kanuni ya kugawanya zao la n mbili kwa jumla yake inakupa jibu hilo kwa haraka, na klorini inayopita kwenye haidroksaidi ya sodiamu ya moto ambayo n zake mbili ni 10 na 2, inakupa kwa kanuni hiyo hiyo 20 kwa 12, yaani 5/3. Mwanafunzi akiona n yenye sehemu hudhani amepotea njia. Hajapotea, wastani una haki ya kuwa na sehemu.

Nitoke kando kidogo, kwa sababu haya si mambo ya darasani peke yake. Maji ya dripu ambayo hospitali huyaita "normal saline" yana gramu 9 za chumvi katika lita moja. Myeyusho wa chumvi wa nomaliti 1 ungekuwa na gramu 58.4. Yale ya hospitali, kwa hesabu yetu, ni 0.154 N tu, na jina lake halihusiani kabisa na nomaliti ya kemia. Kwa hiyo mwanafunzi wa uuguzi aliyetoka moja kwa moja kidato cha sita ana haki ya kushtuka. Huko huko hospitalini ndiko ikwivalenti zimeendelea kuishi, kwa kipimo cha miliikwivalenti kwa lita. Milimoli 1 ya kalsiamu ni miliikwivalenti 2, na anayezichukulia kuwa kitu kimoja anakosea dozi kwa mara mbili. Halafu kuna hesabu ya tatu, ile ya chembe, ambayo huamua shinikizo la osmosia na kushuka kwa kiwango cha kuganda. Milimoli 1 ya kloraidi ya kalsiamu hutoa milimoli 3 za ioni, ingawa n yake ni 2. Kaboneti ya sodiamu nayo ni 3 na 2. Kuhesabu vipande vinavyotokea kitu kikiyeyuka si kuhesabu kinachobadilishana mikono, na swali la mtihani linalotaja kuganda kwa maji halitaki n hata kidogo.

Historia ya ikwivalenti ina kisa kinachofaa kukumbukwa na yeyote anayependa kukariri orodha. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 wanakemia wengi wa Ulaya walipendelea kutumia tungamo za ikwivalenti badala ya tungamo za atomu, kwa kuwa ikwivalenti zilipimika na atomu hazikuonekana. Kwa haidrojeni 1, oksijeni ilikuwa 8, na maji yakaandikwa HO. Chuma kilikuwa na mbili, takribani 28 katika kloraidi yake moja na 18.6 katika nyingine. Mwanakemia Mwingereza Edward Frankland alipoandika mwaka 1852 kuhusu uwezo wa atomu wa kuungana, alikuwa analigusa jambo hilo hilo, na katika mkutano wa wanakemia wa Karlsruhe, Ujerumani, wa Septemba 1860 Mwitalia Stanislao Cannizzaro alitetea njia ya kutenganisha tungamo ya atomu na ya ikwivalenti, ambayo alikuwa ameieleza tangu 1858. Mendeleev, Mrusi aliyekuja kuunda jedwali la elementi, alikuwepo ukumbini. Walichokuwa wakikosa miaka yote hiyo ilikuwa ni kujua kwamba namba inayotenganisha tungamo hizo mbili haikai mahali pamoja. Ndiyo n yetu hii.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unapatikana sokoni, kwenye mafungu ya magadi wanayonunua watu kwa ajili ya maharage, makande na kisamvu. Magadi ya ukanda wetu wa Bonde la Ufa, kama yale ya Ziwa Magadi kule Kenya na Ziwa Natron upande wetu wa Tanzania, kwa sehemu kubwa ni trona, ambayo fomula yake ni Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O na tungamo yake ya moli ni 226.0. Ndani ya fuwele moja kuna kaboneti na baikaboneti, kwa uwiano wa 1 kwa 1. Nilipomuuliza mama mmoja muuzaji kama ana magadi yasiyo na mchanga, alinijibu, "Mwanangu, haya ni ya ziwani, siyo ya kiwandani," na kusema kweli mchanga si kikwazo. Yayeyushe majini, uache mchanga utulie, uchuje, kisha upime.

Unapoumiminia myeyusho huo asidi ya haidrokloriki huku ukitumia fenolfthalini, ambayo maabara zetu huiita POP, kaboneti hupokea haidrojeni moja na kuwa baikaboneti, na rangi hupotea hapo. Baikaboneti iliyokuwemo tangu mwanzo haijaguswa. Kwa POP, basi, n ya trona ni 1. Ukiongeza methili ya chungwa, yaani MO, na kuendelea, baikaboneti zote, ile iliyokuwemo na ile iliyozaliwa sasa hivi, hupokea haidrojeni moja moja na kutoa povu la kabonidayoksaidi. Ukihesabu tangu mwanzo, kaboneti imepokea 2 na baikaboneti 1. Kwa MO n ya trona ni 3, na tungamo ya ikwivalenti ni 75.3. Ukiyeyusha gramu 2.26 za trona safi katika mililita 250, ukachota 25, asidi ya 0.1 M itasoma 10.0 kwa POP na 30.0 kwa MO.

Uwiano ule wa 3 kwa 1 una matumizi. Magadi yakiwa yamechanganyika na chumvi ya kawaida au udongo, vipimo vyote viwili vitashuka lakini uwiano utabaki 3. Yakiwa yamepashwa moto, kama kiwanda kinavyofanya ili kupata kaboneti ya sodiamu, baikaboneti hugeuka kaboneti na uwiano hushuka kuelekea 2. Sasa chukua fungu ambalo, kwa gramu 2.26 zile zile, limesoma 8.0 kwa POP na 20.8 kwa MO. Uwiano ni 2.6, kwa hiyo si trona safi wala si kaboneti tupu. Usomaji wa POP unakupa kaboneti moja kwa moja: milimoli 0.80 katika mililita 25. Kaboneti hiyo itakula mililita 16.0 hadi kufika MO, na zile 4.8 zilizobaki ni za baikaboneti, milimoli 0.48. Katika mililita zote 250 kuna gramu 0.85 za kaboneti na gramu 0.40 za baikaboneti, gramu 1.01 zilizosalia ni maji ya fuwele, chumvi na mchanga. Anayetaka kujua n ya mchanganyiko huo kwa MO atagawanya milimoli 20.8 za haidrojeni kwa milimoli 12.8 za kaboneti na baikaboneti kwa pamoja, apate 1.625. Kwa POP, mchanganyiko huo huo ni 0.625.

Ukiuacha myeyusho huo kwenye chupa isiyozibwa, usomaji wa POP utashuka polepole kadiri kaboneti inavyonyonya kabonidayoksaidi ya hewani na kugeuka baikaboneti. Ule wa MO hautashuka, kwa kuwa kaboneti moja iliyokuwa ikidai haidrojeni mbili sasa imekuwa baikaboneti mbili, na kila moja inadai moja.